Haki ya Picha ya Tumwagile

S.L.P. 63,
Mikumi, Kilosa.
9 Machi, 2005.

Mpendwa mdogo wangu Ulimboka,

Shikamoo ya kwenye barua yako ya Novemba niliipata, marahaba. Hujambo wewe na mkeo huko Dar es Salaam? Kikohozi cha mtoto kimepona? Sisi tuliobaki tu wazima. Mvua zimeanza, na mahindi ya mama yangu, Mama Mkubwa wako, kule Kisanga yameota vizuri.

Mdogo wetu Tumwagile hatunaye. Alifariki Jumanne, tarehe 22 Februari, tukamzika kesho yake Kisanga. Nilikupigia simu siku ileile aliyofariki. Kabla sijamaliza kusema nina shida gani ulinijibu kwamba uko kikaoni, na kama ni habari ya ile picha, niandike barua. Basi naandika.

Unaikumbuka siku uliyoipiga. Mwaka jana, ulipokuja na kamera yako ya dijitali, ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali Berega, kifua kikuu kimemkausha. Ulimkalisha barazani, ukampiga, ukamwonyesha sura yake kwenye kioo kidogo cha kamera. Alicheka, akaniuliza, "Dada, huyu ni mimi kweli?" Ukamwambia ni ukumbusho wa ukoo.

Mwezi wa saba ukumbusho huo ukabandikwa stendi ya Mikumi, kuelekea meza aliyouzia chai na chapati. Lilikuwa bango la UKIMWI la hao waliokuajiri. Chini ya uso wake waliandika: SIKUJIKINGA. WEWE JE? Pembeni, kwa herufi ndogo, jina lako. Ugonjwa wake ulikuwa kifua kikuu, Ulimboka, na alikuwa anapona. Ulijua.

Haikupita wiki, hakuna aliyekula tena mezani kwake. Mumewe Damiano alikusanya nguo zake, akaichoma albamu ya harusi uani, akaondoka.

Zahanati alikochukulia dawa, bango lilibandikwa mlangoni. Alikuwa amebakiza miezi mitatu tu amalize dozi. Nikamwambia nitamsindikiza. Akasema, "Dada, nitapitaje chini ya uso wangu mwenyewe?" Hakwenda tena. Kifua kikarudi.

Barua yako ya Novemba niliifungua nikidhani ni ya kumpa pole. Kumbe ulikuwa umesikia kwamba huku Kilosa wanaichapa picha yako kwenye fulana na kulikata jina lako. Ulinitumia barua zenye mhuri za kuwaonya wenye maduka, ukaniomba nizigawe. Nilizigawa, kwa miguu yangu hii, duka hadi duka. Nilidhani ukiilinda picha utakuwa umemlinda na yeye. Fulana zikaacha kuchapwa. Mabango yenye jina lako yakabaki pale pale.

Siku ya msiba hatukuwa na picha yake ya kutanguliza mbele ya jeneza. Nikaenda Kilosa mjini kwa Cornel, mmoja wa hao wenye maduka ya kuchapisha, maana ile picha uliyoipiga ilikuwa bado kwenye kompyuta yake. Nikamwomba anitolee uso peke yake, bila yale maneno. Akavuta droo, akaweka karatasi mezani.

"Dada Magreti," akasema, "barua hii uliniletea wewe, na nilisaini ukiwa umesimama hapo. Inasema picha ni mali ya aliyeipiga. Nikiitoa bila ruhusa yake ya maandishi, ananipeleka mahakamani. Nina watoto."

Hakunisema vibaya. Alinipa maji ya kunywa, akanielekeza kibanda cha simu kilipo. Hapo ndipo nilipokupigia.

Fremu tulikuwa tumeshainunua. Mama Mkubwa wako aliibeba tupu mbele ya jeneza mpaka makaburini. Watu walitaka kumpokea, akakataa. Mchungaji alisoma jina, na watoto wakawa wanachungulia kwenye kile kioo waone kuna nani.

Usijisumbue sasa kuandika ruhusa. Nilitaka tu ujue kwamba onyo lako limefanya kazi. Kilosa nzima hakuna anayethubutu kuigusa picha yako, hata sisi.

Msalimie mkeo Monica na mtoto. Kaka Herman anakusalimu. Mama Mkubwa wako nilimuuliza mara mbili kama ana salamu zako, akaendelea kuchambua mchele.

Mungu akupe maisha marefu na macho yasiyofifia, uwe unaiona hiyo picha yako.

Ni mimi dada yako niliyekugawia barua,
Magreti