Leo Habatapasua Majiwe

Dodo na Rachelle,

Bukari iko mu sufuria, mboga ya sombe iko pembeni. Tata yenu asitafute kiti yangu, niko nayo.

Asubui batu ba mine balipita na megafoni: leo habatapasua majiwe na baruti, kila mutu abakie ku nyumba. Nyinyi mulifurahi. Mi roho iliniuma. Siku ya kupasua, sirène ikilia, bote tunakimbilia ku kiwanja, majiwe isitupige. Kule hakuna mutu ananiuliza chumvi iko wapi. Njo pale tu napumuzikaka.

Basi naenda ku kiwanja hata sirène hailie. Musicheke. ~~Nitarudi mbio.~~ Nitarudi jua ikipoa.

Chumvi iko mu kopo ya bleu.

Mama yenu