Nusu ya Jibu Nililompa Mzee Khalfan

Nasor, ndugu yangu,

Jana tumemaliza matanga yako. Mzee Khalfan alikuja kila siku kutoka Sidab, akakaa karibu na mlango, kahawa hakuigusa. Kuna jambo lilipita baina yangu na yeye, na wewe umeondoka hulijui.

Ulipomposa binti yake, alifanya kama afanyavyo kila baba: aliuliza. Alinijia mimi msikitini, kwa kuwa mimi na wewe tumekua pamoja, na uandishi wa habari ndiyo kazi yangu. Alikwishasikia kwamba ulipokuwa ukisoma Marekani askari alikutia pingu mbele ya duka, ukalazwa rumande, ukaachiwa bila shitaka, nawe ukamshitaki yeye.

"Mwanangu, nnakuuliza kitu kimoja tu. Ile kesi alishinda?"

"Hakushinda, mzee."

Akanishukuru, akavaa viatu.

Jibu lilikuwa sahihi. Hukumu niliisoma, ulinipa mwenyewe. Jaji alikubali kwamba hukuwa na kosa na askari hakuwa na sababu ya kukukamata. Ila askari ana kinga, alisema: haikupata kuamuliwa kabla kesi iliyofanana na yako, ya kumfanya ajue wazi kwamba alilolifanya limekatazwa. Kwa hiyo hakupaswa kukulipa wala kukujibu. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale, na sikuyasema, kwa sababu hayakuulizwa.

Jibu la posa likaja: binti bado anasoma. Ulicheka. "Anasoma nini tena, na cheti keshakitundika ukutani!" Hukuposa tena popote.

Jana nilimweleza mzee yaliyobaki.

"Mbona hukunambia siku ile?"

Jibu nilikuwa nalo, lile lile nililojipa miaka yote, kwamba hakuniuliza. Safari hii sikulitoa, nikamwomba radhi.

Mdogo wako Said anataka kuoa. Watu wa binti, kule Qurayyat, wameshanipigia simu, wanauliza nyumba yenu ni watu gani. Nimewaambia nitakwenda mwenyewe. Nitaanza na wewe na kesi yako, na sitanyanyuka pale mpaka niwe nimefika mwisho, waniulize wasiniulize.

Kwaheri, Nasor. Mungu akupe huko uliko msemaji bora kuliko mimi.