Tonge la Kwanza ni la Paka

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa, shahidi hajatimiza miaka kumi na minane. Nyumbani anaitwa Kinda, shuleni Nyau.
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi
Makazi: Nyumba ya mwisho kabla ya karakana ya magari, chumba cha nyuma
Yameandikwa na shahidi kwa mkono wake, Jumatatu tarehe 16 Machi, kuanzia saa 10:35 jioni.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Kwa miezi saba nimekuwa nikiandikiana barua na bibi mmoja ambaye sijawahi kumwona uso, na mpeleka barua wetu ni paka. Barua yangu ya mwisho ilikuwa ya hasira, na ikasomwa na mtu ambaye hakupaswa kuisoma. Kama yule bibi amepatwa na jambo, mkono wangu umo.

Afande sajini amenipa karatasi kwa sababu kila nilipofungua mdomo ilitoka pumzi tupu. Aliniuliza nitaandika kwa lugha gani, maana shuleni tunasomeshwa kwa mbili. Nimechagua hii ninayogombezewa nyumbani. Katika ile nyingine najua kueleza jinsi maji yanavyochemka, lakini hofu sijui naanzia wapi. Akasema, "Andika ulichokiona, mwanangu. Usipambe." Kisha akaondoka na askari wawili kwenda kwenye nyumba ya huyo bibi. Ninaandika nikiwa nimeufunika ukurasa kwa mkono wa kushoto, kama kwenye mtihani. Humu chumbani hamna mtu, ni mazoea tu.

Nyumbani tuko watatu: mama, mimi na paka. Mama ni fundi cherehani na kazi yake anaifanyia chumba cha mbele. Paka ni dume, ana rangi ya kutu, sikio la kulia limechanika. Tunamwita Karani, kwa sababu akishakula asubuhi anapanda meza ya kukatia, anakalia kitambaa cha mteja na kusimamia kazi. Mama humwambia, "Karani, ondoa makalio yako kwenye suti ya watu." Karani humtazama tu, kisha hufumba macho. Ameshaiba tepu ya kupimia mara tatu. Ameshamwekea mama panya ndani ya kandambili, na mama aliruka mpaka cherehani ikatikisika. Hofu yetu kubwa ilikuwa pini. Kila jioni mimi na mama tunapiga magoti tukipitisha sumaku sakafuni, Karani asije akameza. Nilidhani tukishaokota pini zote, paka wetu yuko salama.

Kila siku, saa sita mchana ikikaribia, Karani hutoka kwa dirisha langu, hupanda ukuta wa nyuma wenye vipande vya chupa, anachagua pa kukanyaga kama bibi harusi, halafu hushukia ng'ambo. Hurudi saa nane akijilamba midomo. Nyumba ya ng'ambo lango lake liko mtaa wa pili, kwa hiyo wale si majirani tunaosalimiana nao. Mwezi wa Agosti nilishona mkanda wa shingoni kwa masalio ya vitambaa vya mama, nikauwekea kifuko chenye kifungo. Ndani nikatia karatasi: "Huyu paka ana kwao. Huko anakokwenda anaitwa nani?"

Jibu lilirudi siku hiyo hiyo, karatasi imekunjwa mara nne na ncha yake imechomekwa ndani kama bahasha. "Huku anaitwa Mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana mwezi wa nne, na jembe hajaligusa."

Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mama akauliza kama nina homa.

Ndivyo tulivyoanza. Aliniambia alifanya kazi posta miaka thelathini, akipanga barua za watu, na kwamba hajawahi kuona tarishi mvivu kama huyu. Nikawa namwita Bibi Posta. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akinitaja jina darasani, jasho linanitoka mpaka viganjani. Kwa Bibi Posta niliweza kusema. Nilimwambia wanavyoniita Nyau kwa sababu ya sauti yangu. Akajibu, "Mwenye sauti ndogo huwafanya watu wasogee karibu. Shida ni kwamba hujawaambia lolote la kusogelea." Aliniambia pia jambo ambalo naomba afande alisome vizuri: "Mimi sili kabla Mgeni hajala. Tonge la kwanza ni lake. Tangu mume wangu afariki, kula peke yangu naona kama natupa chakula shimoni. Mgeni asipokuja, sahani inapoa tu."

Mwezi wa kwanza mwaka huu alihamia kwake mtoto wa kaka yake, mwanamume wa makamo. Tulimjua kwa kiatu. Kiatu chake cha kushoto kinalia, kwii, kila anapokanyaga, na sisi tulikisikia kikivuka ua hadi kwenye ukuta wa upande wetu. Mama alisema, "Yule hawezi kuiba hata sukari jikoni. Kiatu kitamchongea." Tukambandika jina la Bwana Kiatu.

Kuanzia hapo barua zilibadilika. Naziandika kama nilivyozisoma, zote ninazo ndani ya kopo la vifungo, humu kwenye mkoba wangu wa shule.

Mwezi wa kwanza, mwishoni: "Mtoto wa kaka yangu ndiye anayepika sasa. Ananiambia nipumzike. Nimepumzika mpaka nimechoka."

Tarehe 20 Februari: "Nalala sana siku hizi. Jana nimeamka jua linazama. Sijui nani alinivua viatu."

Tarehe 2 Machi: "Ameleta karatasi za nyumba niweke saini. Nimemwambia miwani imepotea. Ile ya uzi mwekundu, nimeificha ndani ya mto. Usimwambie mtu." Mistari ilikuwa inapanda na kushuka.

Mimi nilimjibu kwamba Karani ameiba tepu tena.

Nilijiambia ni mambo ya wakubwa. Alisema nisimwambie mtu, na mimi kutomwambia mtu ndiyo kazi pekee ninayoiweza.

Jumatatu tarehe 9 Machi nilirudi kutoka shuleni saa 10:00 jioni nikamkuta Karani chini ya dirisha langu, miguu ya nyuma imemkataa. Alijaribu kupanda kitanda akaanguka. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Alilala mpaka kesho yake asubuhi. Jumanne ikawa vilevile. Jumatano tarehe 11, saa 10:30 jioni, mama alimtia kwenye kikapu cha vitambaa tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimfunua kope, akasikiliza moyo, akaniuliza mimi maswali na mama akajibu.

Akasema, "Huyu hana ugonjwa. Inaonekana amemeza dawa ya usingizi, hizi za watu. Nani anazitumia nyumbani?"

"Nyumbani kwangu?" mama akasema. "Mimi usingizi wenyewe sina muda nao."

"Basi kuna mahali anapewa. Akiendelea hivi, siku moja hataamka."

Mimi nilishajua, au nilidhani nimejua. Watu wenye paka wa nyumba mbili watanielewa. Siku zote kuna kawivu: huyu kamlisha nini, kule analala wapi, anampenda nani zaidi. Nikaamini Bibi Posta anampa Karani dawa ili asirudi kwetu. Kwamba mtu mpweke ameamua kuniibia paka.

Jumamosi tarehe 14 Machi, saa 5:45 asubuhi, nilitia hii kwenye kifuko: "Bibi, najua unamwekea dawa ya usingizi kwenye chakula. Daktari ametuambia. Ukirudia, nitamwambia mama aje huko na watu." Nikamwachia Karani akaenda. Sikumbembeleza hata kichwa.

Alirudi saa 6:20, mapema kuliko siku zote, manyoya ya mgongo yamesimama. Karatasi iliyokuwa kifukoni haikukunjwa. Ilifinyangwa. Mwandiko ulikuwa mnene, umesimama wima: "Bibi amesafiri. Hakuna barua tena. Na wewe wa dirisha lenye pazia la maua, paka wako akipanda ukuta huu tena hatashuka."

Pazia langu ni la maua. Nililishusha nikakaa chini yake sakafuni, nimemkumbatia Karani, na ng'ambo nikasikia kwii, kwii, inakuja mpaka ukutani. Ikasimama. Ilisimama muda mrefu sana. Sikuisikia ikiondoka.

Tangu saa ile nimemfungia Karani ndani. Mama nilimwambia nimekutana na daktari njiani, akashauri apumzike. Huo ulikuwa uongo.

Jumapili tarehe 15, saa 6:15 mchana, tulikuwa mezani. Mama hajaanza kula, Karani akanyoosha mkono kwenye sahani yake. Mama akaupiga kidogo akacheka, "Tulia wewe! Umekuwa mwonja chakula wa mfalme, mpaka wewe uonje kwanza ndiyo sisi tule?"

Kijiko kilinitoka mkononi.

Tonge la kwanza ni lake. Dawa haikuwa ya paka. Karani alikuwa anakula kidogo tu, pembeni mwa sahani, na bibi anamalizia. Na mimi nilikuwa nimemwandikia mwenye dawa kwamba tumeshagundua.

"Vipi?" mama akauliza. "Umeng'ata ulimi?"

Nilitikisa kichwa. Kuanzia hapo hadi saa nane Karani alikaa dirishani akiutazama ukuta na kulia, si kile kilio cha njaa. Nilimziba masikio yeye, kisha nikajiziba mimi. Nilijua ng'ambo kuna mtu hali kabla mgeni wake hajafika, na mgeni nimemfungia mimi.

Leo Jumatatu tarehe 16, saa 9:40 alasiri, nikitoka shule nilipita mtaa wa pili makusudi. Lango la Bibi Posta ni la bati, rangi ya kijani imebanduka. Nilisimama kama dakika tano. Sikugonga. Lango likafunguka lenyewe kabla sijaamua, akatoka Bwana Kiatu akiwa na ndoo ya taka. Ana uso wa kawaida tu. Hilo ndilo lililonitisha.

"Unatafuta nani, binti?"

Alitazama sare yangu, akatazama soksi. Kwenye soksi kulikuwa na manyoya rangi ya kutu.

"Ahaa," akasema taratibu. "Kumbe ni wewe mwandishi. Paka hajambo?"

"Hajambo. Shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini nilimwamkia.

"Marahaba. Shangazi amesafiri, nilikuandikia. Hukuelewa mwandiko?"

"Amekwenda wapi?"

"Kupumzika." Akatabasamu, akainama kuweka ndoo chini. Alipoinama, kwenye mfuko wa shati lake nikaona miwani. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa uzi mwekundu.

Mtu anayesafiri haachi macho yake nyumbani. Na miwani ile ilikuwa ndani ya mto, afande. Ndani ya mto wa kulalia.

Akasema, "Msalimie mama yako fundi. Mwambie nitapita na suruali, ina mshono umefumuka." Kwa hiyo anajua mama ni nani na anakaa wapi. Nilirudi kinyumenyume hatua tatu, halafu nikakimbia.

Nilifika kituoni saa 10:05. Askari wa kaunta aliniuliza shida yangu. Neno pekee lililotoka lilikuwa, "Paka." Akamgeukia mwenzake: "Leo tumehamishiwa mifugo! Kesho wataleta kesi ya kuku." Wakacheka. Ningeweza kuondoka, na siku nyingine yoyote ningeondoka. Nilitoa ile karatasi iliyofinyangwa nikaiweka kaunta, juu yake nikaweka ile ya miwani. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa afande sajini, aliyekuwa amesimama nyuma yao akinywa chai. Alisoma zote mbili mara mbili. Akaniuliza, "Mama yako anajua?" Nikatikisa kichwa, nikamchorea ilipo nyumba yetu na ile ya lango la kijani. Akasema, "Atajua leo. Namtuma mtu akamlete. Kaa hapa."

Sasa ni saa 11:50. Nimeangalia saa ya ukutani mara nyingi kuliko nilivyoandika mistari. Mama hajafika. Nafikiria suruali ya mshono uliofumuka. Nafikiria Karani, kama nilifunga dirisha.

Nasikia gari limesimama nje. Nasikia buti zinaingia kwenye korido, za watu wawili au watatu. Sauti ya afande sajini inasema, "Mpitishe huku." Katikati ya buti kuna kiatu kinacholia. Kwii. Kwii. Kinakuja upande huu.

Barua yangu ile ya hasira aliisoma bila ruhusa. Hii naiondolea mkono. Mlango ukifunguliwa ataikuta wazi, mwandiko ni ule ule, na safari hii nimeiandika kwa sauti kubwa kadiri ninavyoweza.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasoma na niliyoyanyamazia. Sikulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya mpokeaji: Nimeyapokea maelezo haya saa 12:10 jioni. Nilikuta karatasi ziko wazi mezani. Mama mzazi wa shahidi amefika salama, ameyasoma mbele yangu na kutia sahihi. Mwenye nyumba, mwanamke, mstaafu wa posta, alikutwa katika chumba cha nyuma kilichofungwa kwa nje. Yu hai, amedhoofika, amepelekwa hospitali; mtoto wa kaka yake tumemweka mahabusu. Kando ya kitanda palikuwa na sahani mbili za chakula, ya jana na ya leo. Hazikuliwa. Pembeni mwa kila sahani limetengwa tonge moja. Zote mbili nimezichukua kuwa vielelezo.

Sajini wa zamu (sahihi)