Mlango wa Ghorofa ya Nne

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Mimi mzima, goti tu ndilo linanikumbusha umri. Nyumba ya wageni inakwenda, ila lifti mliyotuuzia imeanza vituko. Kila alasiri inapanda hadi kwangu ghorofa ya nne na hakuna aliyebonyeza. Mlango unafunguka, unakaa wazi muda wa mtu kufuta viatu, kisha unajifunga.

Unajua nani alikuwa akifuta viatu pale, akija kunywa chai. Tangu tumzike baba yako ndivyo ilivyo. Wageni wawili wamehama, wa tatu anapanda ngazi na sanduku lake huku akihema. Wewe si ndiye bwana madai wa kampuni? Nisaidie, biashara inakufa.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi salama. Goti usilipuuze.

Habari za Baba usiziandike, ofisi nzima itanicheka. Kwenye mkataba, dai la dhamana si manung'uniko. Ni taarifa ya maandishi ya mnunuzi, ndani ya miaka miwili, kwamba kifaa kina kasoro ya kiwandani, si iliyoletwa na mtumiaji. Andika tu: lifti inasimama ghorofa ya nne bila kuitwa. Na ujue, dai likikubaliwa, kifaa kibovu kinachotolewa kinakuwa mali yetu.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi sijui nisemeje.

Fundi alikuja, kijana mwenye adabu. Alitoa kile kisanduku kinachouamuru mlango, akaweka kipya. Lifti imetulia na wageni wamerudi. Nami kila alasiri naketi mbele ya ule mlango na vikombe viwili, haufunguki. Niliogopa wageni kuhama, kumbe nimemhamisha mwenye nyumba.

Nalifuta dai langu. Nirudishieni kisanduku changu, na ubovu wake.

Mama yako

9 Mei

Shikamoo Mama,

Pole. Dai lililokwisha kukubaliwa halifutiki. Kisanduku sasa ni cha kampuni, na vibovu vyote husagwa mwisho wa mwezi. Ni bati na nyaya tu, Mama. Pumzika.

Mwanao

16 Mei

Leo sikusalimii.

Mazishini hukuja, ukasema kazi imekubana. Sikukulaumu hata siku moja. Sasa hiyo kazi yako itufae. Nenda stoo kabla hawajasaga.

Mama

20 Juni

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa kimya. Goti linaendeleaje?

Nilikwenda stoo nikiwa na hasira na wewe. Nilikikuta chini ya vingine, namba ya lifti yako juu yake. Nikakitia mfukoni kama mwizi. Nilitaka kukituma kesho yake, nikakiweka mezani kwangu nyumbani, hakijaungwa na waya wowote.

Alasiri ile mlango wa chumba changu ulifunguka. Nje hapakuwa na mtu wala upepo. Ukakaa wazi kwa muda ule uliousema. Nikajikuta nasema, Mama, "Karibu Baba, pita." Ukajifunga taratibu.

Tangu hapo natoka kazini mapema. Nachemsha chai. Bado sijamaliza kumwambia kwa nini sikuja.

Kisanduku nitakileta mwenyewe, naapa. Ila usinihimize, Mama. Wewe ulimuaga.

Mwanao