Hodi ya Tatu

Jumanne, 1 Julai
Nimefagia ua, nimechota maji, nimechemsha maharage ya siku mbili. Mama yuko Matiri kwa Bibi, anachuma kahawa. Karibu mtaa mzima umehamia mashambani, milango ina makufuli. Mimi nimebaki kulinda vyumba vyetu viwili. Napenda ukimya huu. Hakuna wa kuniuliza nilipata divisheni gani.

Alhamisi, 3 Julai
Asubuhi walikuja watu. Hodi. Nilikuwa nimejifunga kitenge tu. Nikadhani ni akina mama wa jumuiya ya kanisani, wataanza habari za matokeo yangu. Nikajikunyata nyuma ya kitanda. Hodi ya pili. Ya tatu. Hodi tatu zisipojibiwa, mgeni huondoka. Wakaondoka. Nimejichukia kidogo, kisha nikala.

Jumapili, 6 Julai
Nilipotoka misani nilipita dukani kwa Mama Sadiki. "We Agnes, bubu wangu, mmehakikiwa? Mimi Alhamisi walinikuta hapahapa dukani."
Mwenye nyumba ameuza kiwanja, tutabomolewa. Hilo tulilijua. Litajengwa ghorofa: chini maduka, juu nyumba za kuishi, kila moja na hati yake. Mwekezaji aliyekinunua atatenga nyumba za bei nafuu kwa wapangaji waliokuwapo, ndipo aruhusiwe kuongeza ghorofa mbili juu. Mama ameiombea nyumba hiyo tangu Kwaresima, kila jioni. Siku ya kuja kuhakiki wapangaji ndiyo hatukuijua. Lazima mkutwe mnaishi.
Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa ndani.
Kesho naenda ofisini kwa mwekezaji kusema kwamba nilikuwamo. Nimeandika ili nisirudi nyuma.

Jumatatu, 7 Julai
Nimefika hadi getini. Watu wengi. Nimerudi.

Jumatatu, 14 Julai
Orodha ya wapangaji imebandikwa. Mbele ya jina la Mama wameandika: hawaishi hapa. Mama ameshuka kutoka Matiri, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa kahawa. Ameisoma mara mbili. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mjumbe wetu, Mzee Ndunguru.
"Umeuza nafasi yetu, Mzee. Miaka kumi na moja unaona moshi wa jiko langu, leo siishi?"
"Mama Agnes, wahakiki niliwaleta mwenyewe. Nilibisha hodi mara tatu."
Akamwita mwongo, mbele ya watu. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nilitazama viatu vyangu.

Jumamosi, 19 Julai
Sala ya jumuiya. Mama ameshamweleza kila mtu. Wakati wa kutakiana amani hakuna aliyempa Mzee Ndunguru mkono. Mimi pia sikumpa. Alibaki ameunyoosha wake, kisha akautia mfukoni. Mimi ni mwoga. Na sasa ni mbaya pia.

Jumatatu, 21 Julai
Nimemwambia Mama. Alikuwa anapepeta mchele.
"Ulikuwa ndani?"
"Nilikuwa ndani, Mama."
Ungo ukasimama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.
Tulikwenda kwa Mzee. Mama alipiga magoti, nami nikapiga. Shikamoo yangu haikutoka vizuri. "Marahaba. Inuka, mjukuu wangu." Akavaa koti, akatupeleka ofisini, akatusemea kama vile hakuna aliyemtukana. Dada aliyekuwa mezani alisikiliza mpaka mwisho. Orodha imefungwa. Nafasi yetu amepewa aliyefuata. Ningekuja wiki ya kwanza baada ya uhakiki, alisema, wangerudi kuhakiki.
Wiki ya kwanza nilikuwa getini. Hilo sijamwambia Mama.

Alhamisi, 31 Julai
Wamebomoa. Ukuta wetu ulianguka wa kwanza. Rangi ya bluu ya chumba cha Mama ilionekana na kila aliyepita njiani.

Jumamosi, 9 Agosti
Matiri. Baridi. Tunalala watatu na Bibi. Mama hajalitaja tena jambo lile. Jioni tulikuwa tunachambua kahawa. Mtu akaita hodi nje, mara moja. Nikasimama.
"Karibu."
Jirani, anaomba chumvi. Nimempa. Niliporudi Mama alikuwa ananitazama. Kisha akasogeza ungo kidogo, nikakaa, tukaendelea.