Ya Kupita

Jumatatu, 4 Machi
Kitanda cha dirishani. Wenzangu wa wadi ya wazazi wamezungukwa na mashangazi na vicheko. Mimi nina chupa ya chai na begi langu. Daktari kaja asubuhi, kavuta kiti. Daktari akivuta kiti, ujue! Kasema binti yangu ana Down syndrome. Kanionyesha macho, mstari mmoja kiganjani, shingo isiyo na nguvu. Kazaliwa hivyo, ataishi hivyo, atajifunza mambo kwa mwendo wake. Nikasema asante. Asante ya nini, hata sijui.

Na manjano yamempata. Namwita Chungwa.

Jumatano, 6 Machi
Sasa ni damu. Ini limevimba, wakampima, wakakuta seli changa tele, sura ileile ya saratani ya damu. Nikashika chuma cha kitanda. Daktari akaniwahi: watoto wenye Down wakati mwingine huzaliwa nayo hii, na mara nyingi huondoka yenyewe. "Hii ni ya kupita, mama." Lakini watamchunga. Wachache huzidiwa, na kuna ambao saratani yenyewe huwajia baadaye, wangali wadogo.

Kwetu kazini, bekari, mkate uliotoka kabla ya kuiva tunaurudisha tanurini. Hizi seli nani azirudishe?

Ijumaa, 8 Machi
Baba Chungwa kapiga. Yuko mbali, wanajenga bwawa, na mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Nilijikaza nimweleze yote. Nikaanza na Down. Nikaja kwenye damu, nikasema daktari kasema ni ya kupita. Akadakia hapohapo! "Mungu mkubwa! Kumbe ni ya kupita!" Akacheka. Tangu mtoto azaliwe sijamsikia akicheka. Akasema jina atampa yeye mwenyewe, ikishapita. Simu ikakatika.

Kachanganya. Anadhani Down ndiyo inayopita. Na mimi sikumpigia tena. Nilitaka kile kicheko nibaki nacho kidogo.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaja kututazama. Kasimama miguuni pa kitanda, mkoba kwapani. Habari zimemfikia, tena zimeongezwa chumvi. Haya macho yatafunguka, kasema, sura ya ukoo itakuja yenyewe. "Au sivyo, mwanangu?"

Nikasema ndivyo, mama. Mdomo huu!

Sista Viatu — viatu vyake vinalia wadi nzima — alikuwa anatengeneza dripu, kasikia. Bibi alipoondoka akaniambia polepole kwamba zinazopita ni seli tu. Najua, sista. Najua! Akanivutia pazia nilie.

Alhamisi, 21 Machi
Seli zimepanda. Tumbo limejaa, anahema kwa shida. Wamemwanzishia dawa ya saratani, dozi ndogo. Hakuna aliyekuja.

Jumanne, 9 Aprili
Tuko nyumbani, tunarudi kliniki kupimwa damu. Seli zinashuka. Nyumba kimya mpaka nasikia bomba likidondosha maji. Nazungumza na Chungwa siku nzima, umbea wa bekari, nani kaunguza nini. Ananitolea ulimi. Leo baba yake kauliza kwenye simu, "Imepita?" Nikasema inapungua. Si uongo. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mimi naiona mwisho wake.

Jumatatu, 13 Mei
Damu safi! Hakuna hata seli moja changa! Daktari kasema tuendelee kuja kupima, asiachwe bila kuangaliwa. Nilitoka nikicheka peke yangu barabarani kama chizi. Sikuwa na wa kumwambia. Nikampigia baba yake — habari njema ina kiherehere — nikasema imepita.

"Nakuja Jumamosi. Jina ninalo."

Jumamosi, 18 Mei
Kafika. Begi kaliacha mlangoni. Kaenda moja kwa moja kwa mtoto, kamwinua, kampeleka dirishani penye mwanga. Kamwangalia sana.

"Si ulisema imepita?"

Damu imepita, nikamwambia. Seli mbaya zimekwisha.

"Na hii?" Kidole chake kikapita juu ya jicho la Chungwa, hakikumgusa.

Hii haipiti, nikasema. Hii ndiyo yeye. Ulielewa vibaya nami nikakuacha. Nilikuwa peke yangu, nilihitaji mtu wa kufurahi na mimi.

Kaketi kitandani na mtoto wake, viatu miguuni. Nikaja jikoni kubandika chai. Naandika hovyo. Jina sikuuliza. Naogopa atoke nalo kama alivyoingia nalo.

Maji yamechemka. Siendi.

Anaongea. Sauti ya chini, kama ya mtu anayeuliza jambo. Atakuwa anampigia mama yake, wapange. Haya, na wapange!

Hapana. Simu yake iko hapa mezani, kaiacha kando ya vikombe. Na chumbani hakuna mwingine ila Chungwa —