Mkojo wa Babu Eustakio Si Siri Tena

Naipingo, Nachingwea
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Leo nitakueleza kila kitu, hata lile litakalokuudhi. Ningeweza kukupigia kwa simu ya Baba Mdogo Dismas, lakini kwenye simu ungenikatiza, na yeye angekuwa amesimama pembeni. Barua haina wa kuikatiza.

Natumaini wewe na Mama hapo Likunja hamjambo, na kwamba mmemaliza salama kupulizia mikorosho, maana najua salfa inavyomkohoza Mama. Sisi hatujambo. Babu naye sasa hajambo, na jinsi alivyofika hapo ndiyo habari yenyewe.

Tangu masika Babu alikuwa habanduki karibu na choo. Usiku kucha malapa yake yalikwenda na kurudi. Kwenye jumuiya aliacha kusali, kwa sababu rozari ilikuwa haiishi kabla hajatoka nje, na wazee wenzake wakamtania kwamba anamkimbia Bikira Maria. Kisha akaacha kunywa maji kuanzia mchana, akidhani kisima kikikauka hakuna wa kuteka. Nilipomweleza Baba Mdogo, alisema huo ni uzee tu, na kwamba mtoto wa kike anayefuatilia mkojo wa mzee hajafundwa vizuri. Nikamjibu, kwa heshima, kwamba nimefundwa vizuri sana, tena na Mwalimu Sofia wa Baiolojia. Alininunia siku nzima.

Mwalimu Sofia alituchorea tezi dume ubaoni. Wavulana walicheka, naye akawaambia wacheke vizuri kwa sababu kila mmoja wao anayo. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na mwanaume akizeeka hukua ikaubana. Ndipo mkojo unapochelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatikakatika, na mtu anaondoka chooni akihisi hajamaliza. Mara nyingi si saratani. Lakini saratani nayo inaweza kuleta dalili hizohizo, au ikakaa kimya bila dalili yoyote, kwa hiyo kukisia hakutoshi. Lazima kupimwa.

Najua desturi yetu, Baba. Wewe na Baba Mdogo ni wanawe, hamwezi kumuuliza baba yenu habari za chini ya kiuno. Lakini mimi ni mjukuu, na tangu nizaliwe Babu ananiita mke wake. Kama ni mke wakati wa kutumwa ugoro, basi ni mke pia wakati wa kuuliza mume amelalaje. Nikamuuliza. Kwanza alitishia kunipa talaka. Kisha akakaa kwenye kigoda akaniambia yote, macho yake yakiwatazama kuku.

Ikaja ile mizizi ya dawa uliyoituma kwa basi, pamoja na agizo lako kwamba asipelekwe popote mpaka aimalize. Jumanne iliyopita mkojo ukagoma kabisa. Tumbo la chini lilivimba likawa gumu, Babu akatetemeka kwa maumivu. Baba Mdogo alisimama mlangoni akasema agizo la kaka ni agizo, tusubiri. Nikamwambia anayetaka kusubiri asubiri kwa kibofu chake mwenyewe. Nikakimbia kwa Masoudi, mtani wetu mwenye bajaji. Alifika akipiga kelele kwamba amekuja kuchukua urithi wake, yule mbuzi beberu wa Babu, kabla marehemu hajabadili mawazo. Babu, pamoja na maumivu yote, alimtukana mpaka tukafika hospitali mjini.

Daktari Elineema, kijana wa kutoka Upareni, alimwekea mpira wa mkojo, na Babu akalia kwa nafuu. Daktari alipouliza mimi ni nani wake, Babu akasema ni mke wa pili, wa kwanza amezikwa. Wauguzi walicheka, lakini mimi ndiye niliyejibu maswali pale Babu alipoinamisha kichwa. Daktari alisema tungezidi kuchelewa, figo zingeharibika. Tezi imekua sana. Majibu ya kipimo cha damu tunayasubiri. Amepewa vidonge, na wiki ijayo watautoa mpira waone kama mkojo unapita. Ukikataa, daktari atazungumza naye habari za upasuaji, na Babu amesema hataukimbia.

Leo baada ya misa, mfuko wa mkojo ukiwa chini ya kikoi, aliwatangazia wazee wenzake yaliyompata. Wakamfuata mmoja mmoja nyuma ya kanisa, kila mmoja akidai anamuulizia shemeji yake.

Sasa lile la kukuudhi. Juzi ulipopiga simu, Baba Mdogo alikwambia mzee amepata nafuu, lakini hospitali hakuitaja. Wewe ukaishukuru mizizi. Baba, mizizi ile Babu hakuionja. Niliitupa chooni siku ileile ilipofika. Nimevunja agizo lako kwa makusudi, na sitaomba radhi. Ukitaka kuja kunichapa, njoo; utanikuta nimeketi na baba yako aliye hai.

Mpe Mama shikamoo yangu, na wadogo zangu waambie nawakumbuka. Masoudi atampa barua hii dereva wa basi la Ruangwa, nami nimeomba dereva asirudi bila jibu lako. Babu anakusalimu.

Siku ile simu ilikuwa kwenye spika. Nilikusikia ukisema kwamba hata wewe unaichemsha mizizi hiyo kila jioni na imekusaidia. Tangu hapo sijatulia. Babu ni mtani wangu, naruhusiwa. Wewe ni baba yangu, desturi inanikataza. Nauliza bila ruhusa, mimi mwanao Scholastika, ninayekupenda: imekusaidia nini, Baba, na utakwenda lini kupimwa?